Daktari alisema kweli mbele ya watu: nguruwe wa mjane na chumvi ya samaki, Nchelenge miaka ya sabini

Wakuu, heshima kwenu, wa zamani humu na waliojiunga juzi.

Nimesoma nyuzi nyingi za watu wakisimulia kazi zao, nikakaa kimya kwa sababu yangu haina kichekesho mwishoni. Leo nimeamua kuiandika.

Kanuni yangu ni moja: niliyoyaona nitasema niliyaona, niliyoambiwa nitasema niliambiwa. Majina nimebadilisha. Ni ndefu kidogo, vuteni viti.

Kwanza niwaweke mahali.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa msaidizi wa mifugo katika ofisi ndogo ya veterinari Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, mwambao wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, wakati ule ikiitwa Zaire.

Mimi ni mzaliwa wa Kasanga, upande wetu wa Ziwa Tanganyika. Nilivuka mpaka nikiwa kijana, nikakaa kwa ndugu zetu wa Mbala, nikasomea kazi huko na kuajiriwa huko huko. Kiswahili nilikwenda nacho, Kibemba nikakipata kazini.

Siku hizi mkisikia Mantapala mnafikiria kambi ya wakimbizi. Wakati wetu lilikuwa pori, na sisi tulilijua kwa mbung'o tu.

Bosi wangu nitamwita Daktari Muleya. Alikuwa Mtonga wa kusini, amekulia mgongoni mwa ng'ombe. Kwake ng'ombe ndiye mnyama, wengine wote ni wadudu wakubwa. Kumleta kwa wavuvi ilikuwa kama kumpeleka fundi seremala mahali pasipo na mti.

Akina mama wa soko la samaki la Kashikishi walimpenda kwa sababu alikuwa anajibu.

"Ba Docta," walikuwa wanamwita, "leo umekwisha kunyonya ng'ombe wako?"

"Nimenyonya, mama. Ndiyo maana nina meno. Nyinyi batubulu yenu yameishia kwenye miba."

Batubulu ni jina la utani la watu wa Luapula, maana yake wazamiaji. Kwa mtu mwingine lingekuwa tusi. Kwake walicheka mpaka wakashika vitenge.

Kazi zetu zilikuwa za kawaida, wala si za kwenye sinema.

Asubuhi tulikagua nyama sokoni. Ini lenye minyoo tunalitupa kwenye shimo na kulimwagia mafuta ya taa ili asiliokote mtu. Halafu tunaingia Land Rover kama mafuta yapo, na yasipokuwepo ni baiskeli. Kuchanja mbwa. Kuchanja kuku kabla ugonjwa haujafagia kijiji. Kuhasi nguruwe. Kupaka dawa mbuzi wenye upele. Kuwapiga sindano maksai wachache ambao serikali ilikuwa imewaleta ili wavuvi wajifunze kulima, na ambao wavuvi waliwaogopa kuliko mamba.

Chanjo tulizitunza kwenye friji ya mafuta ya taa. Utambi ukizima Jumamosi, Jumatatu unachanja kuku kwa maji matupu. Dukani sabuni ilikuwa ya bahati, kwa hiyo mara nyingi tulinawa mikono kwa majivu.

Nguruwe walikuwa wengi pale ziwani, na sababu ni samaki.

Samaki wakipasuliwa, kuna vichwa na matumbo. Wengine hukaushwa kwa moshi, wengine hutiwa chumvi na kuanikwa, ndio hao Wakongo wanawaita makayabo. Mabaki yote hayo nguruwe anakula. Mtu asiye na shamba anaweza kufuga nguruwe, mradi anaishi karibu na mabanda ya samaki.

Sasa niingie kwenye kesi yenyewe.

Kulikuwa na mwanamke nitamwita Mama Kabwe. Wabemba walimwita Bana Kabwe, ni kitu kile kile. Asili yake ni Kilwa, si ile ya pwani yetu, hii ni Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Aliolewa Nchelenge na mvuvi Mzambia. Mume akafa maji msimu wa upepo, akaacha mke na watoto wadogo.

Baada ya maziko ndugu wa mume wakaja kama ilivyokuwa desturi. Wakachukua mtumbwi, nyavu, baiskeli, redio, hata vyungu vikubwa. Nguruwe hawakuwagusa. Kanisa lao lilikataza nguruwe, hata kinyesi chake walikuwa wanakiruka.

Kwa hiyo mjane akabaki na nyumba, watoto, na banda la nguruwe. Jike mmoja mkubwa mwenye mimba na vijana wake watatu waliokwisha kukomaa.

Jambo la pili ni hili, na bila hili hamtaelewa kilichofuata.

Pale ziwani mtu akifa, waliamini kivuli chake kinabaki juu ya mwenzake. Mjane anapaswa "kutakaswa", na njia ya zamani ilikuwa kulala na ndugu wa marehemu. Mara nyingi huyo ndugu anamrithi kabisa, anakuwa mke wa nyongeza. Shemeji mwenye zamu aliitwa Musonda. Alikuwa na wake wawili tayari, kanisa lake likimtazama tu.

Mama Kabwe alikataa.

Hakukataa kwa kelele. Kila walipomwita kikaoni alisema nguruwe wana njaa, akaondoka. Shule ya bweni ya jirani ilikuwa imekubali kuchukua nguruwe wake wakishaongezeka, na yeye alikuwa amejipangia kuishi hivyo. Siku moja nikimhasia dume, aliniambia kwa Kiswahili chao:

"Mutanzania, hawa banguruwe njo bwana yangu. Kama beko, sitaki mwingine."

Yaani nguruwe ndio mume wake, na maadamu wapo hataki mwingine. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mtu atauliza, kwa nini asirudi kwao Kilwa? Alikuwa na mjomba mmoja tu huko, kaka ya mama yake, ambaye angempokea. Huyo mjomba akafa.

Ndipo mambo yalipoanza.

Mama Kabwe alivuka kwenda msibani. Banda aliliachia jirani na rafiki yake, Mama Mwape. Mama Mwape alikuwa Mzambia, Kiswahili chake cha sokoni, na kazi yake ilikuwa kutia chumvi samaki wa wafanyabiashara. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa chumvi hata akikushika unahisi msasa. Alimpenda yule mjane kama mdogo wake.

Ziwa likachafuka. Boti zikakaa Kilwa, msiba ukaisha, watu wakabaki ufukweni wakiangalia mawimbi.

Huku nyuma Mama Mwape alilisha nguruwe vizuri sana. Kila jioni aliwapa vichwa na matumbo kutoka kwenye mapipa ya kutilia chumvi, pamoja na maji yake. Aliona chakula ni rojorojo, kina majimaji ya kutosha, akaona hakuna haja ya kujaza birika la maji ya kunywa.

Hakuwa mzembe, wakuu. Naomba mlishike hilo. Mtu anayebeba ndoo kichwani kutoka ziwani kwa ajili ya watoto wake, halafu anaona nguruwe wanapewa chakula kinachomwagika kwa majimaji, atabeba ndoo nyingine ya nini?

Mama Kabwe aliporudi alikuta nguruwe wamerukwa na akili.

Tuliitwa asubuhi. Tulikuta watu wamejaa, na walikuwa na hofu yao. Kijiji kimoja njia ya Mununga kiliwahi kuingiwa na homa ya nguruwe, na nguruwe wote wakauawa, wazima kwa wagonjwa, kwa sababu ile homa haina dawa. Kila mwenye nguruwe alikuwa amekuja kujua kama ndiyo hiyo.

Niliyoyaona bandani ni haya.

Mmoja wa wale vijana alikuwa amebandika paji la uso kwenye mti wa banda, anausukuma kama anataka kuuhamisha. Mwingine alizunguka duara moja tu, upande ule ule. Macho yalikuwa wazi, lakini nilipopitisha mkono mbele hayakupepesa. Walikuwa vipofu. Yule jike mkubwa alikaa kitako kama mbwa, akainua pua juu, kichwa kikaanza kuruka nyuma, nyuma, nyuma, mpaka akaanguka na kuanza kupiga miguu hewani kama anayeogelea.

Mama Kabwe alikuwa amepiga magoti nje ya banda, kilemba cha msiba bado kichwani.

"Dokotela," alisema, "iko nini? Uniambie tu. Njo ile homa?"

Daktari Muleya aliingia, hakujali matope. Akapima joto mmoja baada ya mwingine. Akatazama masikio na tumbo, akatafuta wekundu. Akaniita nisome kipimajoto, maana hakuyaamini macho yake.

Hakukuwa na homa. Hata mmoja.

Akanusa birika la chakula. Akachovya kidole, akaonja, akatema. Akatazama birika la maji, lilikuwa limekauka na utando wa buibui ndani.

Nakumbuka uso wake. Alifurahi. Daktari anayetegemea kuua nguruwe wa mwambao mzima halafu anakuta si lazima, lazima afurahi. Akapanda juu ya gogo, akawageukia watu, akasema kwa Kibemba chake kibovu, kwa sauti ya kuita ng'ombe:

"Si homa! Msiogope! Nguruwe wenu wako salama. Hawa ni chumvi. Chumvi ndiyo imewaharibu vichwa. Huyu mama chakula chake kimeingia chumvi, basi!"

Nilitegemea watu washangilie.

  Kina mama wakatazamana. Mmoja akajifunika mdomo kwa kitenge. Halafu mzee mmoja akaitika kwa heshima, "Ee mukwai. Tumesikia," na watu wakaanza kuondoka.

Musonda, shemeji mtu, alikuwepo. Alivua kofia, akamwinamia daktari kwa heshima zote.

"Asante, ba Docta. Umetusaidia sana. Sisi tukisema, tunaambiwa tunaonea. Umesema wewe, mtu uliyesoma."

Daktari akamshika mkono akidhani anashukuriwa kwa ajili ya nguruwe.

Mimi na yeye hatukuelewa kitu. Tulielezwa na Mama Mwape tukiwa tunafungua mkoba wa dawa.

Kumbe pale ziwani chumvi si chumvi tu. Mwanamke aliye na kivuli cha mauti, ambaye hajatakaswa, hatakiwi kutia chumvi kwenye chakula cha mwingine. Hata motoni kwake hawachukui kaa la moto. Akitia chumvi, anayekula anaugua, kifua kinambana, anaweza kufa. Ndiyo maana tangu mumewe afe, watoto wa Mama Kabwe walitiliwa chumvi chungu chao na jirani.

Na sasa daktari wa serikali, juu ya gogo, mbele ya watu wote, ametangaza kwamba mjane asiyetakaswa amelisha chumvi na nguruwe wamepata wazimu.

Daktari alikaa chini. Alisema, "Hata kwetu wajane wanatakaswa. Lakini chumvi haimo. Ningejuaje chumvi imo?"



Mama Mwape hakuwa mtu wa kujificha. Alimfuata Musonda hapo hapo njiani, na hii niliiona.

"Ba Musonda, chumvi ile ni yangu mimi! Nimewalisha kwa mkono wangu huu. Mwenyewe alikuwa Kilwa kwenye kilio. Mbona mnamtia yeye?"

Musonda hakukasirika. Ndicho kilichonitisha. Alimjibu polepole kama anamfundisha mtoto hesabu.

"Mama, wewe samaki wako tunakula kila siku. Mumeo yupo, analala nyumbani. Chumvi ya mkono wako imemuua nani? Kama yako haiui, basi iliyowapa wazimu ni ya mwenye banda."

  Ukikubali mwanzo wake, mwisho wake ulikuwa umenyooka.

Kwa hiyo, wakuu, ona hali ilivyokuwa. Wale nguruwe wakipona, maneno yatapungua, watu wataona ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Wakifa, imethibitika, na hakuna atakayenunua kitu mkononi mwake, wala kula naye. Na Musonda anasubiri.

Daktari alielewa hilo sasa. Aliacha utani. Akamwita Mama Kabwe na Mama Mwape, akaongea Kiingereza mimi nikatafsiri, na akasema mara mbili ili lisipotee neno.

Dawa ya ugonjwa huu ni maji, lakini maji yenyewe ni sumu ukiyatoa kwa pupa. Chumvi imeingia kwenye ubongo. Mnyama akinywa kwa mkupuo, maji yanakimbilia ubongo, ubongo unavimba, anakufa. Kwa hiyo kikombe kimoja cha bati kwa kila nguruwe. Subiri. Kikombe kingine. Subiri. Mchana kutwa na kesho yake. Wakilia, waache walie.

"Ziwa lote hili," alisema Mama Kabwe, "na mi nibapimie na kikombe?"

"Na kikombe," nilimwambia.

"Bon, sawa. Nitabapimia."

Tulikaa naye mpaka jua likawa kali. Nataka mjue hilo lilikuwa jambo gumu kiasi gani. Banda lilikuwa hatua chache kutoka ufukweni. Nguruwe vipofu walisikia mawimbi. Walipiga kelele kama wanachinjwa, wakageuza pua zote upande wa ziwa. Kila aliyepita alisimama. Mvuvi mmoja akatuambia usoni kwamba kwao hata mchawi akiomba maji hupewa.

Lakini vikombe vilifanya kazi. Yule aliyekuwa anazunguka duara alisimama. Akalala. Masikio yakaanza kufuata sauti. Daktari akanikonyeza. Mama Kabwe alikuwa ameanza kuongea na jike wake kwa majina ya utani, anamwita malkia, anamwita mama wa mapacha.

Tulilazimika kuondoka. Kulikuwa na ng'ombe wa wachuuzi wanaosubiri kukaguliwa Kashikishi, na nyama haiwezi kuuzwa bila muhuri. Tuliahidi kurudi siku hiyo hiyo.

Kuanzia hapa, niliambiwa. Sikuona. Aliyeniambia ni Mama Mwape mwenyewe, na hakujipunguzia chochote.

Tulipoondoka tu, Musonda alituma watu. Kikao cha ukoo kimekaa, mjane anaitwa, na safari hii akisema nguruwe wana njaa hataeleweka. Mama Kabwe alimkabidhi rafiki yake kikombe, akamwambia, "Dada, kikombe tu. Usipitishe." Akaenda.

Mama Mwape alipima kikombe kimoja, akasubiri. Akapima kingine. Nguruwe walilia. Yeye akakaa pale, na akili yake ikaanza kufanya kazi, akili ya mtu aliyetia chumvi samaki tangu usichana wake.

Makayabo yakikolea chumvi kupita kiasi, mnafanyaje? Unayaloweka. Hayalowekwi kwa kikombe. Ukiyapa maji kidogo, chumvi inabaki humo humo, inazidi kuchoma. Unayazamisha kwenye beseni la maji mengi, unamwaga, unatia mengine, chumvi inatoka yote, samaki analainika kama aliyevuliwa leo. Kila mwanamke wa mwambao ule anajua hivyo.

Akajisemea, daktari huyu ni mtu wa ng'ombe. Chumvi haijui. Chumvi naijua mimi.

Tena alitaka nguruwe wapone upesi, kabla kikao hakijaisha, ili rafiki yake atoke akute wamesimama.

Akawaita wenzake wa kwaya waliokuwa wakianika samaki. Wakaja na ndoo. Walipanga mstari kutoka ziwani hadi bandani, wakapokezana wakiimba. Wakajaza birika la maji, likakauka, wakalijaza tena. Nguruwe walikunywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Kelele zikaisha. Wale kina mama wakapiga vigelegele.

Niliyoyaona tena ni haya.

Tuliporudi, jua lilikuwa bado juu. Vigelegele vilikuwa vimekwisha. Wale kina mama walikuwa wamesimama ndoo mikononi, hawaimbi tena. Wale nguruwe vijana watatu walikuwa wamelala ubavu, miguu inapiga na kupiga. Jike alikuwa bado amekaa kitako, kichwa kimeenda nyuma hakirudi.

Daktari alitazama matope ya banda, yamelowa mpaka nje. Hakuuliza. Aliniambia kwa sauti ndogo nilete sindano ya kutuliza. Ilikuwa ya kupunguza mateso tu. Jike tulimchoma mwisho, akafa kama wenzake. Daktari alimpasua hapo hapo, kwa haraka, kuona kama watoto wanaweza kutolewa. Walikuwa bado wadogo mno. Hawakuwa na manyoya.

Mama Mwape aliuliza, "Maji yalikuwa machache?"

Nilimtazama daktari. Daktari akanitazama. Sikutafsiri. 

Mama Kabwe alitoka kikaoni akifuatwa na ukoo. Alifika bandani, akaangalia nguruwe, akaangalia ndoo, akaangalia mikono ya rafiki yake. Nadhani alielewa yote kwa mara moja. Nilimngoja apige kelele, amrukie mtu. Alifungua kilemba cha msiba, akakikunja vizuri, akakiweka chini ya kwapa.

"Wamekwisha?" aliuliza.

"Wamekwisha," nilisema.

Akageuka kwa Musonda, akamwambia kwa Kibemba, na mimi nilisikia: "Mulamu, nimesikia maneno yenu." Mulamu maana yake shemeji. Ilikuwa mara ya mwisho kumwita hivyo.

Daktari Muleya alijaribu. Hilo nimpe haki yake. Alisimama mbele ya wale watu akaeleza upya, bila gogo safari hii, kwamba chumvi ya mtu yeyote ingefanya vile vile, hata ya padri. Kwamba ilikuwa ukosefu wa maji. Musonda akamuuliza kwa upole:

"Ba Docta, walipopewa maji, walipona?"

Waliozika wanyama ni sisi. Tulichimba shimo na wavuvi wawili, tukawatia chokaa. Hakuna aliyethubutu kula ile nyama, na kama mnaijua njaa ya miaka ile, mnajua hilo ni ushuhuda mkubwa kiasi gani.

Msimu uliofuata tulifika nyumbani kwa Musonda kuchanja kuku. Mama Kabwe alikuwa pale, mke wa tatu. Kazi ya kukamata kuku alipewa yeye. Anashika mbawa, ananiletea, napiga sindano, anamwachia. Kuku wengi. 

Tulipomaliza, daktari alinivuta kando. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku hiyo hakutania. Akasema, "Mwambie kwa lugha yenu. Mwambie sikujua."

Nilimwambia.

Alifuta mikono kwenye kitenge. Wake wenzake walikuwa wanatwanga mihogo upande wa pili, wakimwangalia.

"Umwambie dokotela hakusema uongo," alisema. "Ile njo inaniumaka. Kama alikuwa amedanganya, ningebabishia bote, mpaka leo. Lakini mutu akisema kweli, utamubishia nini?"

Akaenda kuchukua mchi, akaungana na wenzake.

Wakuu, hicho ndicho nilichokuja kukisema.

Miaka yote iliyobaki kazini, na ilikuwa mingi, sikutangaza ugonjwa wa mnyama juu ya gogo. Nilimvuta mwenye mnyama pembeni. Nilimuuliza kwanza, kwenu hapa kitu hiki kina maana gani? Na nikisema "fanya hivi", nilisema na kwa nini, kwa mfano wa kazi anayoifanya yeye. Mama Mwape angeambiwa chumvi ya ubongoni si kama ya kwenye samaki, angekaa na kikombe chake mpaka asubuhi. Naamini hivyo. Alikuwa mwanamke mwenye subira.

Mama Mwape alihama Nchelenge mwaka ule ule nguruwe walipokufa. Wengine walisema alikwenda Mununga, wengine ng'ambo. Hilo niliambiwa tu.

Mnaofanya kazi za mifugo, hospitali, shamba, hata mahakamani: kuna ukweli mliousema mahali pasipostahili, ukamwangukia asiyehusika? Mlifanya nini baadaye? Na wenyeji wa Luapula na Kilwa mliomo humu, kama mila hii ya chumvi nimeieleza vibaya, nirekebisheni. Nitasoma kila jibu, ingawa macho siku hizi yanachoka mapema.